Talaka Yetu na Ijumaa za Bibi

Watu hujivunia harusi zao. Mimi najivunia talaka yangu, na atakayeona haya kwa niaba yangu na aone, mimi sina. Harusi yetu ilipangwa na wengine, kuanzia ukumbi mpaka rangi ya vitambaa vya meza. Talaka tuliifanya wenyewe, na ilikuwa nzuri kuliko harusi.

Mume wangu alikuwa binamu yangu. Mama yangu na baba yake ni ndugu wa tumbo moja, watoto wa Bibi, aliyetoka Unguja akiwa mke kijana na kuzeekea Dubai, katika fleti yake ya Al Mankhool. Bibi ndiye aliyetuoza. Kila Ijumaa baada ya sala ukoo mzima ulikula kwake, na asiyekuja alipigiwa simu mpaka aje.

Tuliishi Al Qusais, mtaa mwingine wa Dubai, miaka minne. Hakunipiga, hakuninyima, hakuwa na mwanamke nje. Watoto hatukujaaliwa, na hilo nalo hatukulaumiana. Ni kwamba tulilelewa pamoja tangu utoto, tukaoana, na siku moja tukagundua kuwa hatuna la kuambiana zaidi ya nani atanunua maji. Yeye ndiye aliyelisema kwanza, jikoni, anaosha kikombe. Nilifarijika mpaka nikacheka.

Shida haikuwa sisi. Mama aliposikia, alimpigia simu kaka yake, yaani mjomba wangu na baba mkwe wangu kwa pamoja. Kila mmoja alimtetea mtoto wake kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya. Wakakatiana simu. Ijumaa iliyofuata Mama hakuja kwa Bibi, na ile nyingine Mjomba hakuja. Nikaona wazi kuwa tukikosea kidogo tu, talaka yetu itamtenganisha Mama na kaka yake wa pekee, na Bibi atabaki na sinia lisilo na walaji.

Mwenzangu kazini alinipeleka kwa wakili anayemfahamu. Wakili alinieleza, kwa upole wa mtu anayeuza zulia, kwamba ili nishinde lazima niseme nimedhulumiwa. Nikamuuliza, nimedhulumiwa nini? Akasema, tutatafuta. Nilimshukuru nikaondoka, na lifti ilipochelewa nikashuka ngazi kwa hasira. Nimtafutie kosa binamu yangu, lisomwe mbele ya hakimu, kisha nimtazame usoni siku ya Idi? Hapana.

Kumbe hatukuhitaji mawakili. Kule mahakamani, kabla kesi haijafika kwa hakimu, wanandoa hukalishwa kwanza na mpatanishi. Wakikubaliana, makubaliano yao huandikwa, hakimu huyapitisha, na mambo huishia hapo. Gharama iliyotuuma ilikuwa ya kuegesha gari.

Tulikwenda gari moja. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza. La pili, njiani alininunulia chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, nikaingia nayo. Mpatanishi, bwana wa makamo aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alitutazama sisi na ile chai.

"Amekufanya nini?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Hajanifanya kitu."

"Na wewe, yeye amekufanya nini?"

"Hakuna, sir."

Akafunga faili. Alisema watu wenye adabu hivi warudi nyumbani wakapike chakula cha mchana. Tulipong'ang'ania, akatuambia tuje tena, kila mmoja na mtu wa upande wake.

Hapo ndipo tulipokwama. Mimi nimlete Mama, atapiga kelele. Yeye amlete baba yake, atapiga kelele zaidi. Nikamwendea Bibi kimyakimya nikamwomba asimame upande wangu. Akakubali. Asubuhi ya siku yenyewe nilipofika Al Mankhool kumchukua, nilimkuta binamu yangu mlangoni anapiga kengele. Naye alikuwa amemwomba Bibi asimame upande wake, na Bibi alikuwa amekubali vilevile.

Bibi akatoka na buibui lake jeusi na mkoba. "Mnanitazama nini? Yalla, twendeni." Msidhani alikuja kwa hekima. Alikuja kutuzuia.

Ofisini viti viliwekwa pande mbili za meza. Mpatanishi akamuuliza Bibi yuko upande wa nani. Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha sokoni, bei zikiisha nacho kimekwisha, kwa hiyo binamu yangu akawa mkalimani.

"Mwambie huyu bwana," alisema Bibi, "hawa wote wawili nimewaogesha mimi."

Kisha akakivuta kiti chake mpaka kichwani mwa meza, akaanza. Alisema hatuna haya. Alisema binamu yangu ni mvivu wa maneno tangu mdogo, na mke haishi na bubu. Binamu yangu alifasiri yote, hata hayo, neno kwa neno, bila kujipunguzia. Nilimwonea fahari siku ile kuliko siku aliponioa.

"Sasa mnagombania nini?" Bibi akauliza.

"Hatugombani, Bibi," nikasema. "Lakini nikisikia ufunguo wake mlangoni, nnasikia mtu kaja tu. Sisikii mume wangu kaja."

Binamu yangu aliyafasiri maneno yangu, kisha akamgeukia Bibi. "Na mimi hivyo hivyo, Bibi."

Bibi alifungua mkoba, akaufunga. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Na Ijumaa? Nani atakuja kwangu Ijumaa?"

"Sote," tukasema.

"Basi iandikwe."

Mpatanishi alieleza kwamba mahakama haiamuru watu wale wali. Bibi akasema basi haondoki pale. Yule bwana akaandika mstari mmoja chini ya mengine yote, na akatusomea: kwamba wawili hawa wataendelea kumtembelea bibi yao kila Ijumaa. Tukatia saini. Khalas, yamekwisha.

Jioni ile Bibi aliwapigia simu wanawe wawili. "Wao wamemaliza. Nyie ndio bado."

Ijumaa Mama alikuja mapema, akajifungia jikoni kupika. Mjomba alikuja akakaa akiutazama ukuta. Binamu yangu alifika wa mwisho, amebeba tikiti maji, akatuamkia wote, nami nikampokea tikiti. Tukajipanga kula. Mjomba alionja wali.

"Leo nani kapika?" akauliza. "Chumvi imemponyoka."

Alijua vizuri nani kapika. Nilimwona Bibi ameshika kijiko hewani.

"Kama hukitaki, rudisha sahani," akasema Mama.

Mjomba akaisukuma sahani mbele. Mama akaichukua, akaijaza wali mpaka ukingoni, akaweka juu pande la nyama kubwa kuliko yote, akamrudishia kaka yake.