Mguu wa Pindo

Tulimwita Pindo kwa sababu pindo la sketi likipita mkononi mwake, uzi huuoni. Mimi nilikuwa mpiga pasi wa karakana ya ushonaji alikofanya kazi, na mzee anayepiga pasi huhesabiwa sawa na meza: wanawake walizungumza yao mbele yangu bila kushusha sauti. Ndivyo nilivyojua habari za vidonge vya kupanga uzazi.

Msimu wa sare za shule hakuna aliyethubutu kuacha cherehani. Basi wakajiwekea desturi: mshona vifungo huenda zahanati kuwachukulia wote. Nesi humpima presha yeye, humpa na vya wenzake. Mkono mmoja ukapimwa kwa niaba ya mikono yote, na hakuna aliyeona kosa.

Mguu wa kushoto wa Pindo ukaanza kuvimba. "Ni pedali hii," akasema, akaendelea kukanyaga. Asubuhi moja shavu la mguu likawa gumu, lina moto. Wifi yake, dada wa mumewe, akaja na mafuta ya kukandia.

"Lete mguu, wifi. Umejaa kama mto wa kulalia!"

"Taratibu basi! Unafua nguo?"

Tukacheka. Mara Pindo akashika kifua. Pumzi ikawa fupi, jasho likamtoka, midomo ikapauka. Tulimkimbiza hospitali, mimi nimebeba viatu vyake, maana sikujua nishike nini.

Daktari, mama wa makamo, akautazama mguu, akampima presha, akakunja uso.

"Unatumia dawa gani, mwanangu?"

Pindo akamtupia jicho wifi yake. Ukweni walikuwa wakimdai mtoto wa kiume, na wifi ndiye aliyeleta salamu zao.

"Za maumivu tu."

"Nyingine?"

"Hakuna."

Kifua kilimpanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Methali iliyonijia ni mficha uchi hazai. Nikaimeza, siku hiyo haikufaa. "Mwanangu," nikamwambia, "sema."

"Vidonge vya kuzuia mimba," akasema. "Mwaka sasa."

"Kumbe!" wifi akaruka. "Na sisi tunakesha kwenye dua!"

"Niombeeni nipumue kwanza, wifi."

Daktari alikwishaagiza sindano na oksijeni. "Wengi huvitumia salama," akasema. "Lakini vinaweza kupandisha presha, na kwa wachache damu huganda mshipani. Donge limeanzia mguuni. Nahofia kipande kimefika kwenye mapafu. Mguu kama huu haukandwi."

Wifi akatazama viganja vyake. Vilikuwa bado vinang'aa mafuta.

Tukasubiri kwenye korido. Simu ya wifi ikalia; alikuwa kaka yake, mume wa Pindo. "Mkeo damu imeganda," akamwambia. "Imesababishwa na nini? Acha maswali, wewe njoo!"

Jioni daktari akatoka. Pumzi imetulia kidogo, akasema, ila atatibiwa kwa miezi, na vidonge vile asiviguse tena.

Wifi akamsogelea, akashusha sauti. "Daktari, njia nyingine ipo? Isiyogandisha damu?"

"Zipo."

"Basi mwelezeni akipata nguvu. Kaka yangu niachieni mimi."