Gari ilitetemeka kama ina malaria, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye breki

Wakuu, amani kwenu.

Mi ni Mrundi, naishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hapa Malawi mwaka wa kumi na mbili sasa. Kiswahili changu kimeshachanganyika na cha Bakongomani, mnivumilie. Ila haya ninayosimulia sijayatia chumvi, na aliyekuwepo harusini Chilinde Jumamosi ile ataniunga mkono.

Nina kigari cha petroli, cha zamani kweli. Kilinifikia kikiwa kimeshazeekea kwa watu wengine. Siku za kazi kinapeleka viazi Lilongwe, Jumapili kinabeba ngoma za kwaya.

Sasa kikaanza tabia.

Kikikimbia, safi kabisa. Kikisimama tu, ukitoa mguu kwenye mafuta, injini inatetemeka, inapanda, inashuka, safari nyingine puu, imezima. Mafundi wa Tanzania wanasema gari imekosa sailensi. Sisi huku tunaita ralanti.

Na mtetemo wenyewe si wa mchezo. Ukiweka chupa ya soda juu ya dashibodi inatembea yenyewe mpaka inaanguka.

Shida ni kwamba mdogo wangu Ange alikuwa anaolewa. Bwana harusi anakaa Chilinde, Lilongwe, kanisa liko huko huko, na gari ya bibi harusi njo hiyo hiyo (njo yetu ni 'ndiyo' yenu), hatuna nyingine. Siku nilipompeleka kujaribu gauni, alishuka ameshika taya.

"Kaka, mi nakupenda," akasema, "lakini sitaingia kanisani meno yakigongana. Batu watasema naogopa ndoa."

Nikaenda kwa fundi mmoja Old Town, Lilongwe mjini. Akabadilisha plagi. Bado. Nikarudi, akasafisha pale hewa inapoingilia kwenye injini. Bado. Mara ya tatu akafunga boneti polepole, kama mtu anayefunika marehemu.

"Achimwene, injini yatha."

Yaani ndugu yangu, injini imekwisha. Nami nikaamini. Nilirudi nyumbani sina hata hamu ya nsima, ugali wa huku.

Jumatano ya wiki ya harusi nilikuwa natoka mjini. Kufika Kanengo, foleni ya malori yamebeba marobota ya tumbaku. Nikawa nateremka taratibu nyuma ya lori moja, gari ikazima.

Nikakanyaga breki. Pedali ngumu kama jiwe!

Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, makalio yameinuka kwenye kiti, nikaita jina la Yesu na la mama yangu kwa pamoja. Ikasimama. Kati yangu na mkia wa lori palibaki upana wa kiganja.

Dereva wa lori akashuka, akapima ile nafasi kwa macho, akanitazama. "Pepani, bambo," akasema. Ananipa pole, mimi niliyetaka kumgonga! Nikaanza kucheka ovyo.

Ukweli ni kwamba breki ilikuwa nzito tangu wiki kadhaa. Fundi sikumwambia. Niliona nimempelekea injini, breki ni habari nyingine, nayo ni uzee tu.

(Wajuzi humu najua mmeshaanza kutabasamu. Ngojeni kidogo.)

Kesho yake nilikuwa napakua mizigo soko la Dzaleka, injini nimeiacha inawaka maana ikizima inagoma kuwaka. Akaja Mama Sifa kutoka kwenye meza yake ya bitenge, futi ya kupimia shingoni. Ni Mkongomani wa Uvira. Miaka yote namjua ni muuza vitambaa. Sikujua kwamba zamani kwao yeye na kaka yake walikuwa na lori, kaka anaendesha, yeye yuko chini ya lori na spana.

"Hii gari iko nakohoa tangu lini?" akauliza.

"Tangu mvua zilipokwisha. Fundi anasema injini imekufa, Mama."

"Panda. Kanyaga breki, uachie. Tena. Tena."

Nikafanya. Kila nikikanyaga, mlio wa injini unabadilika. Wiki zote hizo ninao mguuni mwangu na sijausikia!

"Breki iko nguvu, eh?"

"Iko ngumu sana, Mama."

"Fundi alikuuliza juu ya breki?"

"Hapana."

"Na we ulimwambia?"

"Hapana."

"Sasa injini njo unaipa makosa ya nini?"

Akaomba koleo. Akainama, akaubana mpira mmoja mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye lile dude la duara linalosaidia mguu kukanyaga breki, wanaliita servo.

Wakuu, gari ikatulia. Ikawa inanguruma kama paka aliyeshiba. Akiachia koleo, malaria. Akibana, amepona.

Tuliuchomoa. Juu ulikuwa mzima. Chini, karibu na kibano, ufa umejificha. Ukiukunja unafunguka kama mdomo. Injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi hapo, njo inatetemeka. Na breki inakosa ule mvuto wa kuisaidia, njo inakuwa ngumu. Ugonjwa mmoja, dalili mbili.

Gari nikaiacha palepale sokoni. Ijumaa asubuhi nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabara kubwa, nikaingia mjini na minibasi. Old Town, duka la tatu, mzee mmoja Mhindi akaufinya mpira wangu, akanikataza kuchukua ule wa maji niliokuwa nimeshaushika. "Huo laini, injini itaunyonya utalala," akasema. Akanipa wenye nyuzi ndani, pamoja na valvu yake ndogo yenye mshale.

Kurudi sokoni, valvu nikaifunga mwenyewe, kinyume. Mama Sifa akanipiga kofi la mkononi. "Mshale uangalie injini, wee!" Nikaigeuza; gari ikatulia, na breki ikalainika.

Jumamosi tukaenda. Ange nyuma na gauni lake, Mama Sifa mbele, tumempa kiti cha heshima. Kufika kanisani Chilinde, nikashuka kumfungulia bibi harusi mlango, injini nimeiacha inawaka. Mjomba wa bwana harusi akataka kunisaidia kusogeza gari. Akaingia, akasikia kimya, akadhani imezimwa. Akazungusha ufunguo.

KRRRRAAA!

Kanisa zima liligeuka. Mchungaji akasimama na Biblia mkononi. Mama Sifa anapiga kelele, "Iko nawaka! Iko nawaka, baba!" Na Ange, maua mkononi, alicheka mpaka shela ikateleza, akaingia kwa mume wake akiwa bado anafuta machozi ya kicheko.

Nilichojifunza: fundi mwambie kila kitu, hata kile unachoona hakihusu. Na gari ikitetemeka, kabla hamjaizika injini, tazameni mipira ya hewa, hasa upande wa chini usioonekana. Breki ngumu msiizoee hata siku moja.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine aliambiwa injini imekufa, kumbe ni mpira?