Kiondo Kilichokataa Kutazamwa

Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikumruhusu mwanafunzi aanze jibu lake kwa neno "wanasema". Ni nani wanaosema? Walipima kwa kifaa gani? Nilipostaafu katika miaka ya tisini, nilirudi na tabia hiyo katika nyumba yetu nje kidogo ya mji wa Machakos, wala sikuona sababu ya kuiacha mlangoni.

Mwaka huo mvua za Novemba zilitupita, malipo yangu ya uzeeni yalikuwa yamekwama ofisini, na stoo ilikuwa na gunia moja tu la makaa. Likiisha kabla ya mwisho wa mwezi, tungekula mara moja kwa siku. Lililolimaliza gunia hilo ni isyo, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, ambayo hukaa jikoni asubuhi nzima. Mke wangu alipopika sufuria kubwa ili awashe jiko mara chache, siku ya tatu chakula kilichacha tukakimwaga. Alipopika kidogo kidogo, makaa yaliteketea.

Ndipo aliporudi kutoka mkutano wa akina mama wa kanisa na habari kwamba isyo huiva ndani ya kiondo, bila moto.

"Nani ameona?" nikamuuliza.

"Mama mmoja wa huko Kithyoko. Unachemsha kidogo tu, unaweka sufuria ndani ya kiondo na nyasi kavu na blanketi, unaenda shamba."

"Ulimwona akipika?"

"Nilimsikia."

"Basi hujui kitu, mama watoto."

"Na wewe unajua? Haya, tupime, mwalimu. Si hiyo ndiyo kazi yako?"

Tukapima. Aliloweka punje usiku kucha, akazichemsha kwa nusu saa, akaifukia sufuria ndani ya kiondo. Nami nikachukua daftari. Kila baada ya nusu saa nilifunua blanketi, nikainua kifuniko, nikatafuna punje moja na kuandika. Mchana ulipopita zilikuwa bado ngumu kama kokoto. Nilimsomea matokeo hayo kwa ukali wa mtu anayerudisha mitihani. Aliwasha jiko upya, na sufuria ile ikala makaa ya siku mbili.

"Umefungua mara ngapi?" aliniuliza, akipepea.

"Mara nane."

"Aiya! Mara nane! Hiyo macho yako ndiyo imekula moto. Ungekuwa kuku, mwalimu, hakuna yai ingeangua!"

Nilikasirika, kisha nikaona haya, kwa kuwa alikuwa amenisahihisha katika somo langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilichora chupa ya chai ubaoni na kueleza jinsi joto linavyozuiwa lisitoroke. Jaribio lile liliharibiwa na mpimaji.

Gunia lilikuwa limebaki robo. Tulikubaliana kujaribu mara moja tu. Tukishindwa, mlo mmoja ungeanza kesho yake. Safari hii alilifunga blanketi kwa kamba ya mkonge.

"Leo utakaa bila kujua," akasema. "Utaweza?"

Niliketi kwenye kigoda mbele ya kiondo tangu baada ya chai ya asubuhi. Hapakuwa na moshi, wala sauti ya kutokota. Adhuhuri sikuvumilia, nikaweka kiganja juu ya kiondo. Kilikuwa baridi kama ukuta. Nikadhani tumeshindwa. Kisha nikaelewa, na mwili ukanisisimka: baridi ile ndiyo habari yenyewe. Joto halikuwa linatoka. Lilikuwa limo mle ndani, katika nyasi za ng'ombe na blanketi kuukuu, likifanya kazi yake gizani bila kumhitaji shahidi.

Alipofungua, mvuke ulipanda hadi kwenye miwani yangu nisione kitu. Niliingiza kijiko kwa kupapasa, nikatoa haragwe moja, nikalibonyeza kati ya vidole viwili. Likasagika kama siagi. Punje ya mahindi nayo ikapasuka, nyeupe, laini.

"Andika, mwalimu," akasema.

Kalamu nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa. Alipakua sahani mbili, kiasi cha watu wawili na si zaidi, akaanza kula; mimi nilikuwa bado nimesimama, miwani imejaa ukungu, haragwe lililosagika likinichoma vidole.