Tumbo Nililokwenda Nalo Ofisi ya Uhamiaji

Wenzangu wakianza kusimuliana aibu zao, huyu aliteleza harusini mbele ya wakwe, yule alisimama kutoa hotuba gauni limechanika nyuma, mimi hucheka nao vizuri tu mpaka zamu yangu ikikaribia, hapo huinuka nikasema naenda kutazama chai. Leo sitainuka. Yangu ilinipata mchana kweupe, hapa hapa Malindi, ndani ya ofisi ya serikali, mbele ya watu nisiowajua na mmoja niliyemjua kuliko wote. Mkicheka chekeni, hata mimi kuna mahali hucheka, lakini msinikatize, maana nikinyamaza katikati sitaendelea tena.

Mimi kwetu Ganda, nje kidogo ya Malindi, jina langu la nyumbani Kadzo, niliposilimu nikaitwa Khadija, na aliyenisilimisha (baba alipenda kusema hivi akiniudhi) ni mkate. Miaka ile ya themanini nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja ya Kikambala, na jikoni kulikuwa na mwokaji mmoja, Mngazija wa visiwa vya Komoro aliyekulia Bukini, yaani Madagaska, akajifunzia huko kuoka ile mikate mirefu ya Kifaransa inayolia ukiivunja. Jina lake Mmadi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao kimechanganyika na chetu, akikuomba chumvi utadhani anasoma khutuba. Alipokuja Ganda kuposa, baba alimtazama weee, kisha akaniuliza mimi, si yeye, kama huko kwao hulimwa mihogo. Nikasema hulimwa. Baba akasema basi huyu si mgeni sana.

Serikali haikuona kama baba. Hoteli ilipopata wenyewe wapya walikuja na mwokaji wao, na kibali cha kazi cha Mmadi kikafa pamoja na kazi. Tukahamia Malindi, tukapanga chumba, mimi nikawa nafulia nyumba za watu, na yeye kukaa kwake nchini kukawa kwa viza ya matembezi, mtu anayelala na mkewe kila siku anaandikwa kwamba anatembea. Kila akienda kuongezewa anaambiwa hii ndiyo ya mwisho. Siku moja nilimfuata nikamuuliza afisa, bwana mmoja wa bara, mrefu, mpole wa sauti, "Lakini si ameoa hapa?"

Akaniambia, "Mama, angekuwa ni wewe mgeni na yeye ndiye Mkenya, ningekumalizia asubuhi moja. Mwanamke akiolewa na mgeni, sheria inatarajia amfuate mumewe kwao."

"Na kama hataki kwenda?"

Akanyanyua mabega. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo mapema.

Katikati ya hayo nikashika mimba. Mmadi akawa mtu mwingine, kila asubuhi ananusa hewa na kuimba. Mama yake aliyeko Ngazija akampa msafiri atuletee kofia ndogo aliyoidarizi kwa mkono wake (alikwisha kuamua kuwa ni mvulana, wala hakumuuliza mtu), mimi nikashona vifulana na mawinda, zile nepi za kitambaa, vyote nikavitia kwenye sanduku la bati. Mwezi wa nane wa mimba ulipoingia, mtoto akatulia. Nilikwenda hospitali, muuguzi akaniweka mkono tumboni, akauhamisha, akauhamisha tena, akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona mtoto hatikisiki?"

Alikuwa mvulana kweli. Mmadi na wanaume wengine walimzika, mimi nimelala wodini natazama feni. Sikulia. Niliporudi nyumbani sikulia. Wanawake wa mtaani wakanisifu, wakasema Khadija ana subira, nami nikaitikia inshallah, lakini haikuwa subira, mimi mwenyewe sijui ilikuwa nini, ilikuwa kama mtu amenifungia mlango kwa ndani.

Miezi ikapita, viza ikawa inaelekea ukingoni tena. Shangazi yangu Dama alikuja kutoka Ganda na kapu la mihogo, akanikuta nimejiinamia, akasema huku anamenya, "Ungekuwa bado na lile tumbo, nani angethubutu kumfukuza baba wa mtoto?" Akaendelea kumenya. Wala hakunishauri kitu, maskini, lilimtoka tu. Lakini neno lile likanikaa.

Siku ya Mmadi kwenda ofisini ilipofika, alivaa kanzu yake safi, akachukua pasi yake ya kusafiria na cheti cha ndoa, akaniambia, "Wewe usije. Kungoja kule kwakuchosha." Akatoka. Nikakaa. Nikafagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Kisha nikachukua mto nikaujaribisha tumboni (hapa ndipo mnaporuhusiwa kucheka), ulikuwa mto wa sufi, mkubwa, nikijitazama kwenye kioo naona mwanamke aliyeiba gunia. Nikautupa. Nikafungua sanduku la bati kutafuta kitu chepesi, na kitu chepesi kilichokuwamo mnakijua. Nilivikunja vikawa duara, vifulana, mawinda, kofia, nikavizungusha leso nikaifunga kiunoni kwa fundo moja, nikavaa gauni, nikavaa buibui. Nikijitazama safari hii, jamani, nikamwona yule mwanamke wa miezi ile. Nikasimama pale muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Nilidhani nitapita vichochoroni nisionwe na mtu. Kona ya kwanza tu, Bi Rukia muuza mahamri, yule yule aliyenipikia uji nilipotoka hospitali, akaniona. Mkono ukamwenda mdomoni. "Alhamdulillahi! Khadija! Na hukutuambia!" Akanikumbatia kwa ubavu ili asinibane, machozi yanamtoka, na mimi, badala ya kusema sio, Bi Rukia, nirudi nyumbani nikajifungie, nikasema, "Tuombee." Nikaendelea na safari. Sasa nilikuwa siwezi kurudi, maana nyuma yangu tayari kulikuwa na mtu aliyefurahi.

Ofisini watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Mmadi simwoni, wakaniambia Mngazija yuko ndani na afisa. Nikasema nitasimama, lakini ukiwa na tumbo huachwi kusimama, mzee mmoja akainuka, msichana akaniletea maji, mwingine akanipepea kwa gazeti. Kila wema ulioongezeka, jasho nalo likaongezeka. Pembeni yangu alikaa mama mnene wa makamo aliyekuja kwa shughuli za mkwewe, na bahati yangu ilivyo, akaniambia yeye ni mkunga wa miaka mingi.

"Miezi mingapi, mwanangu?"

"Saba," nikasema, maana kuanzia hapo kwenda mbele nilikuwa sijui vizuri.

"Limekaa chini mno," akasema, na kabla sijajivuta akaniwekea kiganja. Akakitua. Akakihamisha. Nikaona uso wake unabadilika, akanisogelea sikioni akasema polepole kwa huruma, "Mwanangu, mbona mtoto hatikisiki?"

Sijui niwaeleze vipi. Nilijua kilichomo ni nguo, nilizikunja kwa mikono yangu asubuhi ile ile. Lakini maneno yalikuwa yale yale, na sauti ndogo ile ile, na mlango ule niliofungiwa kwa ndani ukavunjika. Nikapiga ukelele. Nililia kilio ambacho sikukilia wodini wala nyumbani, nikasema amekufa, mwanangu amekufa, na yule mama akaruka juu akaita watu, "Mbebeni! Hospitali! Upesi!" Wanaume wawili wakanishika huku na huku, wakaninyanyua, na fundo langu moja la leso likafunguka.

Kilianguka kifulana kwanza. Kisha winda, jingine, jingine, nguo zinashuka miguuni mwangu polepole kama zinazotolewa na mtu mwenye nafasi. Mwishoni kofia, ikabingirika ikasimama sakafuni. Kuna mtu alicheka, kicheko kifupi, kisha naye akakiona alichokuwa anakicheka akanyamaza. Wale wanaume wakaniachia. Mkunga akabaki na mkono hewani.

Na mlango wa ndani ukafunguliwa, afisa anatoka na Mmadi.

Afisa alikuwa bado ana uso wa mtu aliyetoka kusikia jambo zito, kwa sababu Mmadi, kumbe, huko ndani alimweleza kila kitu, kwamba tulipata mtoto tukamzika hapa Malindi, na kwamba hataki kumwacha mkewe peke yake na kaburi. Mtu ambaye hata mimi hakuwahi kunitajia neno kaburi. Afisa akazitazama nguo, akanitazama mimi, tumbo limenilegea kama kifuko kitupu, akasema, "Bwana, umeniambia mmezika mtoto. Mkeo naye amekuja na mimba ya nguo. Nimwamini nani?"

Mmadi alipiga magoti. Akaanza kuokota, anakung'uta vumbi, anakunja, kimoja juu ya kingine. Bila kuinua kichwa akasema, "Sisi sote wawili, bwana. Mtoto ni huyo huyo mmoja."

Afisa alikwenda dirishani akasimama ametupa mgongo. Aliporudi alituita ndani, akafunga mlango, akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba alikuwa ameamua kwenda kumsemea Mmadi kwa mkubwa wake, lakini sasa hawezi, watu wote wale wameona, na mkubwa akisikia kuna mke aliyedanganya tumbo atauliza kama hata ndoa yenyewe ni ya kweli. "Aondoke vizuri, mama. Aombe kibali akiwa huko kwao. Nikimng'ang'ania ataandikwa vibaya asirudi kabisa." Nikamwambia makosa ni yangu, aniadhibu mimi. Akasema, "Najua ni yako. Lakini mimi sina pa kukuandika wewe. Mwenye pasi ni yeye."

Tulirudi kwa miguu, yeye amezifunga zile nguo kwenye leso. Nilingoja anigombeze, hakunigombeza. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Hukuniambia kama yakuuma hivi."

Nikasema, "Na wewe hukuniuliza."

Alasiri ile tulilia pamoja, mara ya kwanza, shangazi Dama, aliyekuja mbio aliposikia, amekaa mlangoni akiwaambia wageni tumelala.

Aliondoka Mombasa kwa ndege. Aliomba kule, hakujibiwa, akaomba tena. Akaniita nimfuate, nami nikaanza kutafuta pasi, na hapo baba akapooza upande mmoja na wa kumgeuza kitandani nikawa mimi. Nikasema akipata nafuu nitakwenda. Hakupata nafuu na hakufa upesi. Miaka ikapita juu yetu hivyo, mpaka Mmadi akamtuma ndugu yake mfanyabiashara, aje aseme mbele yangu na ya mashahidi kwamba ananiacha kwa wema nisiendelee kufungwa na mtu asiyeonekana. Nasikia ana watoto huko. Namwombea mema, na sisemi hivyo kwa ulimi tu.

Bi Rukia sikuweza kumtazama kwa muda mrefu. Alikuja mwenyewe siku moja, akaketi, akasema, "Siku ile nilifurahi, na kwa furaha ile hukunidhulumu kitu." Hakulitaja tena.

Mimi nimeapa jambo moja, na mpaka leo sijalivunja. Nikienda ofisi yoyote naenda kama nilivyo, hata ikinigharimu. Na wakati mwingine huniuliza karani wa mezani, bila kunitazama, kalamu tayari mkononi, "Una watoto wangapi, mama?" Zamani ningesema sina, ili tumalize haraka. Sasa nasema, "Mmoja. Mvulana. Amezikwa hapa Malindi." Kalamu husimama. Nami husubiri mpaka aandike.