Mapeasi ya Mama Kwenye Usaili wa Lushoto

Niliondoka Mgwashi kwa sababu nilikuwa nimechoka kujitolea. Nalisema mapema, maana nyumbani wapo wanaodhani nilikwenda Lushoto kutembea. Nina stashahada ya uuguzi na ukunga, nina leseni, na tangu nimalize chuo nilikuwa nafanya kazi kwenye zahanati moja huku milimani bila mshahara, nikisubiri nafasi zitangazwe. Zilitangazwa mara tatu. Nikaitwa, nikaenda, nikarudi nilivyokwenda.

Hii ilikuwa mara ya nne. Hospitali moja ya Lushoto ilitaka wauguzi wawili tu. Siku ya mtihani wa kuandika tulijaza madarasa ya shule nzima ya jirani, watu wametoka mikoa ambayo mimi naijua kwenye ramani tu. Mchujo ulipopita, tuliobaki tulitosha kwenye mabenchi mawili, nikiwemo. Sasa kulikuwa kumebaki kuonana ana kwa ana. Nilikuwa nimeshajiapia kwamba nikikosa safari hii, sare naikunja, nashuka Korogwe kwa binamu yangu kuuza simu. Binamu alikuwa ameshanitafutia mpaka chumba. Nilimwambia mama peke yake. Akachukua kikapu akaenda kuchuma mapeasi.

Jioni kabla ya kuondoka nikamkuta amekijaza mpaka juu, amekifunika kwa majani ya mgomba. Nikamuuliza ya nani. Akasema ya Mama Eliza, mwenyeji wangu, na mengine ya hao ninaokwenda kuwaomba kazi. Hasira zangu mimi haziko mbali. Nikamwambia siku hizi kumpelekea kitu mtu anayekusaili ni rushwa, nitafukuzwa hata kabla sijakaa. Mama akanitazama kama niliyemtukana.

"Peasi ndiyo rushwa, Zaina? Mtu anakwenda kwa watu kuomba, anaingia anapunga mikono?"

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana, yeye shingo upande, kwamba yote yatakwenda kwa Mama Eliza. Huyo ni mjane wa Kilutheri, rafiki yake tangu enzi walipokuwa wakiuza mboga pamoja kwenye gulio la Soni. Sisi ni Waislamu, lakini sikukuu ya Idi yeye hula kwetu na Krismasi sisi hula kwake, na mtoto wa mmoja ni mtoto wa mwingine.

Asubuhi iliyofuata nilipanda Fuso la kabichi la jirani yetu, Idi, nikakaa mbele kikapu kikiwa mapajani. Mpango ulikuwa nifike Lushoto mchana, nilale kwa Mama Eliza, niamke nimepiga pasi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai ya Bumbuli, na mvua ya usiku ilikuwa imeifanya barabara kuwa uji. Tulipita Bumbuli salama. Mbele kidogo tairi la nyuma likazama, na hapo tukakaa. Wakaja watu na majembe, wakaja wengine na matawi ya mikaratusi, kila mmoja na ushauri wake. Idi alikuwa anawaza kabichi zake, mimi nawaza usaili. Tulipotoka kwenye tope jua lilikuwa limeshazama. Nikalala Soni kwa dada yake Idi, na shati langu jeupe likabaki na mikunjo ya begi.

Soni, kulipokucha, nilipata gari la kwanza la kwenda Lushoto. Zile kona za lami nimezipita mara nyingi, lakini siku hiyo sikuona maporomoko wala mabonde. Nilikuwa narudia kimoyomoyo dozi za dawa na viwango vya presha. Nyumba ya Mama Eliza iko njia ya Irente, juu kidogo ya mji, na muda wa kupanda kwenda kuacha mzigo haukuwepo. Basi nikaingia getini hospitalini na vyeti mkono mmoja na kikapu mkono mwingine, mama akiwa amenishinda bila hata kuwepo.

Nje ya ofisi wenzangu walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi. Baridi ya Lushoto asubuhi haina utani. Kijana mmoja aliyetoka Singida alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, meno yanagongana. Mwingine alisema amesafiri tangu juzi na hajala. Pembeni alikuwa amekaa mama wa makamo, amejifunga kanga juu ya sweta, anafuta matope kwenye viatu vyake kwa kijiti. Nikamdhania amekuja kumwona mgonjwa. Nikampa shikamoo, kisha nikamsalimu na kwa Kishambaa, onga maundo, naye akaitikia kwa furaha akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mgwashi. Akaniuliza hali ya mama, hali ya shamba, kama viazi vimepona ugonjwa mwaka huu. Nikamjibu moja moja, kama inavyotakiwa.

Sasa nikakaa, na kikapu kati ya miguu yangu, na harufu ya mapeasi imenipanda mpaka mimi mwenyewe. Niambieni, mtu aliyelelewa Mgwashi anakaaje na chakula katikati ya watu wenye njaa huku amekifunika? Sikuwaza hata kidogo. Nilifunua majani nikaanza kugawa. Kijana wa Singida alipokea mawili. Yule mama wa sweta nilimchagulia lililoiva vizuri, nikampa kwa mikono miwili. Aliliangalia kidogo, akalipokea, akalila lote hapo hapo, akasema nimshukuru mama. Kisha akasimama akaingia ndani kwa mlango wa pembeni.

Baada ya muda akatoka daktari mmoja mwenye upara, akajitambulisha kuwa ndiye mwenyekiti wa usaili, akatusomea taratibu. Tuzime simu. Tusisimuliane maswali. Na kumpa mjumbe yeyote kitu chochote ni marufuku, atakayebainika anaondolewa. Nyuma yake wakatoka wajumbe wawili. Mmoja alikuwa dada wa utumishi aliyekuja kutoka Tanga. Mwingine alikuwa matroni wa hospitali, amevaa sare, mkanda kiunoni, viatu safi. Ni yule mama wa sweta.

Jamani! Wenzangu walinigeukia wote, midomo yao bado ina maji ya peasi. Nilimkasirikia mama kule Mgwashi, nikamkasirikia Idi na Fuso lake, nikajikasirikia mwenyewe. Kila jina lilipoitwa nilitamani liwe langu nimalizane nalo, na likiitwa la mwingine nashukuru.

Nilipoingia, kabla sijaonyeshwa kiti, matroni alisimama.

"Mwenyekiti, huyu binti amenipa peasi asubuhi, nikala. Hakunijua, na mimi sikujitambulisha. Ningepaswa kukataa, lakini mtoto akikunyooshea kitu kwa mikono miwili, nakataaje? Naomba nisimpe alama."

Mwenyekiti akacheka, akauliza kama ni peasi moja tu. Matroni akajibu kwamba iwe moja au gunia, yeye ameshakula. Akachukua kalamu yake akatoka, akafunga mlango taratibu. Nilipomsikia akizungumza kwa lafudhi yetu nilikuwa nimeanza kupata moyo, kwamba angalau humu ndani nina mtu anayejua zahanati za milimani zilivyo. Sasa nimebaki na wageni wawili, na wa tatu nimemtoa mwenyewe.

Dada wa utumishi aliandika kitu, akaniuliza kama kweli sikumjua. Nikasema sikumjua, na kwamba niligawa kwa wote. Akaweka kalamu chini.

"Na ungemjua?"

Hapa ndipo nilipoona Korogwe mbele yangu, na zile simu zimepangwa kwenye kabati la kioo. Jibu zuri nilikuwa nalo mdomoni: nisingempa. Ndilo walilotaka kulisikia, na mtu mwenye akili angelisema. Lakini nikajiona nagawa benchi zima, nafika kwa mtu mzima namruka. Nikashindwa.

"Ningeogopa sana," nikasema. "Lakini ningempa. Siwezi kugawa chakula nikamnyima mkubwa aliyekaa hapo, hata kama ningekosa kazi. Ningewaambia ninyi kwamba nimempa."

Mwenyekiti akageuza karatasi, akaingia kwenye maswali yake. Mama amejifungua, damu haikatiki, uko peke yako zamu ya usiku. Unafanya nini? Swali hili lilikwisha kunitokea kwenye zahanati, kwa hiyo sikulitafuta kichwani. Nikamweleza: namwita mtu yeyote aliye karibu, nalisugua tumbo la uzazi likaze, nampa sindano ya oksitosini, namwekea dripu, nahakikisha kibofu hakina mkojo, naangalia kama kondo la nyuma limetoka lote na kama kuna mchaniko, na huku yote yakiendelea gari la rufaa limeshaitwa. Akaniuliza gari lisipokuja. Nikamwambia siku ile halikuja. Tulimbeba mpaka barabarani, mkono wangu ukiwa juu ya tumbo lake njia nzima, akapona. Mwenyekiti akasema asante, tutakupigia. Hiyo tutakupigia nilikuwa naijua vizuri.

Mchana huo nilipanda kwa Mama Eliza na kikapu chenye mapeasi matano. Alinipokea kwa kunikumbatia, akatazama ndani ya kikapu, akaniuliza kama huko Mgwashi miti imekauka. Nikamsimulia yote huku nakula ugali na maharage yake, jiko la kuni likinipasha miguu. Nilitegemea anipe pole. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha akasema yeye angekuwa matroni angekaa kimya, angenipa alama zote, angeomba na la pili. Nikamwambia ndiyo maana yeye si matroni. Akakubali.

Jioni tulitembea mpaka Irente, maana alisema nikikaa ndani nitaumwa. Pale ukingoni mlima unakatika ghafla, na chini kabisa unaona tambarare yote, katani zimepangwa kwenye mistari, barabara kuu nyembamba, joto linapanda kama mvuke. Korogwe iko upande ule. Mama Eliza akaniuliza kama kweli nitaweza kuacha kazi ya watoto na mama zao nikauze simu. Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli, sikujua, na kuliangalia lile joto kulinifanya nitamani kulia. Alinishika mkono tukarudi.

Siku ya tatu nikashuka Soni, nikapita Bumbuli kwenye chai, nikafika Mgwashi na matope mpaka magotini. Njia nzima nilikuwa namlaumu matroni. Niliona kama amejipamba kwa uaminifu wake na gharama nimelipa mimi. Kwani kukaa kimya kungemdhuru nini? Mama nilimwambia kwa hasira, neno kwa neno, mpaka pale mlango ulipofungwa. Aliketi kwenye kigoda akasikiliza. Kesho yake alinisindikiza shambani kupalilia viazi, na siku zilizofuata pia, na habari ya kuuza simu hakuna aliyeigusa. Wasichana wengine waliosailiwa walinitumia ujumbe kwamba wawili wameshapigiwa. Nikampigia binamu, nikamwambia mwisho wa mwezi nakuja.

Simu iliita nikiwa katikati ya tuta. Ilikuwa ni matroni mwenyewe. Alisema mmoja wa waliochaguliwa amepata kazi serikalini, hakuripoti, na aliyefuata kwa alama za wale wajumbe wawili ni mimi. Akaongeza neno moja, kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kupamba.

"Zaina, kwenye alama zako hakuna hata moja yangu. Ukianza hapa, mtu yeyote akisema ulipitia mlango wa uani, mlete kwangu."

Ndipo nilipomwelewa. Kutoka kwake ndiko kulikoifanya kazi hii iwe yangu kweli. Angebaki akanisaidia, leo ningekuwa naogopa kila anayenong'ona wodini. Nikapiga magoti kwenye udongo nikalia, si kulia kwa aibu, kulia kwa sauti, miaka yote ile ya kujitolea ilitoka kwa mkupuo.

Kwetu mtu halii hivyo shambani ila kuna msiba. Mama alilitupa jembe akaja mbio. Shangazi aliyekuwa bonde la pili akaacha maharage yake. Majirani wawili wakavuka kijito wakiwa wameshajifunga kanga kichwani, na hawakuuliza kitu, waliketi chini pembeni yangu wakaanza kunisaidia kulia, kama tunavyofanya. Mama alinishika mabega, uso umempauka.

"Nani, mwanangu? Nani?"

Nilijaribu kusema ikanishinda. Nikamwonyesha simu. Akazidi kuogopa, akaanza kutaja majina ya ndugu mmoja mmoja, na mimi kwa kila jina natikisa kichwa, mpaka majina yakamwishia.

"Hakuna aliyekufa, mama," nikasema. "Mimi ni muuguzi."