Shairi la Mama Chapa kwenye Karatasi ya Mtihani

Wanafunzi walimwita Mama Chapa, na jina likamganda hata walimu wakasahau lake halisi. Miaka kumi na tisa alikuwa amechapa kila mtihani wa shule ile, katika kachumba kaliko kati ya stoo ya madawati mabovu na ofisi ya mwalimu mkuu. Karatasi zilizoharibika hakuzitupa. Nyuma yake aliandika mashairi, karibu yote ya shule: vumbi la chaki, foleni ya asubuhi, mtoto anayejua jibu lakini hathubutu kunyoosha mkono. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha pili, mama yake alipopooza na wadogo zake wakakosa wa kuwapikia.

Siku moja mwalimu wa Kiswahili alimwachia mtihani, akaondoka mbio kwenda kumzika shangazi yake. Mama Chapa alipofika ukurasa wa tatu alikuta "Soma shairi lifuatalo", kisha patupu. Maswali yalikuwepo: mshairi anaionaje shule? Shairi lenyewe halikuwepo. Simu ya mwalimu haikupatikana, na mtihani ulikuwa kesho yake asubuhi.

"Weka lolote linalohusu shule, mama," mwalimu mkuu alisema bila kuinua macho. "Si umeshachapa mengi?"

Alipekua mitihani ya zamani. Kila shairi lilimsifu mwalimu au kuisifu kalamu. Mwishowe mkono ukaenda kwenye rundo lake mwenyewe. Akachapa moja la beti nne. Ubeti wa mwisho ulisema:

Kengele mara ya saba, twajipanga tena sote,
Kichwa chajazwa kibaba, majibu tumeze yote,
Mwenye swali hujiziba, asije chekwa na wote,
Kiti kimoja ki wazi, jina halisomwi tena.

Wiki iliyofuata mwalimu wa Kiswahili aliingia na bunda la majibu kwapani.

"Mama, shairi hili umelitoa wapi? Nimepekua vitabu mpaka nimechoka."

"Kwani lina kosa, mwalimu?"

"Halina. Kosa ni letu. Darasa karibu zima limeandika kwamba mshairi anatuhimiza kusoma kwa bidii." Akacheka kidogo, bila furaha. "Ndivyo tulivyowazoesha. Wakiona neno kengele tu, wanajibu bidii. Ila huyu mmoja, hebu msome."

Ilikuwa karatasi ya msichana mkimya wa kidato cha tatu. Aliandika: "Mshairi anaiona shule kama mahali panapoendelea tu mtu akipotea. Rafiki yangu ameacha kuja tangu muhula uliopita. Jina lake limekatwa kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyetuuliza yuko wapi."

Mama Chapa aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Ni langu," alisema. "Shairi ni langu, mwalimu. Aliyekatwa jina ni mimi, zamani hizo. Sikujua kwamba na hapa tunakata."

Mwalimu alivuta kiti akakaa. Alikuwa mwalimu wa darasa hilo, na kalamu nyekundu ilikuwa yake.

Anwani ya msichana aliyekatwa jina ilikuwa kwenye faili. Jumamosi walikwenda wote wawili. Walimkuta uani anafua mashuka ya bibi yake, ambaye alikuwa hainuki tena kitandani. Mwalimu alianza kuhutubu kuhusu umuhimu wa elimu, Mama Chapa akamgusa kiwiko aache. Kisha Mama Chapa alichukua shuka lililobaki, akasuuza, na huku wanakamua pamoja akauliza maswali madogo madogo: bibi analala saa ngapi, nani mwingine yupo, jirani ni mtu wa namna gani.

Jirani alikuwa mjane mwenye maneno mengi na muda mwingi. Alikubali kukaa na bibi kila asubuhi, kwa sharti kwamba asiambiwe namna ya kupika uji. Mwalimu mkuu alinung'unika kuhusu taratibu za kumrudisha, kisha akatia sahihi.

Msichana alirudi, akiwa nyuma kwa muhula mzima. Kila adhuhuri, kabla ya kwenda kwa bibi, alipita kwenye kachumba ka wino kunakili alichokosa. Kiswahili Mama Chapa alimsaidia vizuri. Hesabu zilipofika kwenye aljebra, mafumbo yale ya herufi, alikiri kwamba hapo hata yeye ni mgeni, wakavuta viti wakaanza ukurasa wa kwanza pamoja.