Maji Hayabishani na Ndoo

Wenzangu mliokulia kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Basotu, bila shaka mnalikumbuka tela. Enzi zetu hakukuwa na basi la kututoa kambini. Ukitaka kwenda mnadani, kanisani au zahanati, unapanda tela la trekta pamoja na magunia, mbuzi na akina mama wenye vichanga, na barabara ya udongo mweusi inawatikisa mpaka mnasahau mlikokuwa mnakwenda. Gurudumu likiingia shimoni, tela likalala kushoto, utingo anapaza sauti, "Kulia wote!" na sote tunajitupa kulia, hata bibi aliyekuwa anasinzia. Linakoinamia, wewe unakimbilia upande wa pili. Hilo tulilijua kabla ya kujua kusoma.

Tulijua na mengine. Tulijua kutafuna punje za ngano mbichi mpaka zinageuka bigijii, haina sukari lakini ni ya bure, na taya zinauma mpaka jioni. Tulijua mavuno yanavyonuka dizeli na makapi, na baba zetu wanavyorudi nyumbani na nyusi nyeupe kwa vumbi. Tulijua kwamba shikamoo ukiisahau njiani, habari zake zitafika nyumbani kabla yako. Watoto wa siku hizi wakiamka wanaisalimia simu kwanza.

Baba yangu alikuwa fundi wa kombaini, zile mashine kubwa za kuvunia ngano, na kwa kuwa kombaini hupenda kuharibikia mbali, shamba lilimpa pikipiki. Sisi watoto tulikuwa tunakaa ukingoni mwa ngano kumsubiri afike kwenye kona ya bohari. Hapo nilikuwa naacha kutafuna. Pikipiki inalala, Baba analala nayo, goti linakaribia barabara, halafu wanainuka pamoja kana kwamba hakuna lililotokea. Nilistaajabu kila siku. Chombo chenye magurudumu mawili, ukikiacha kimesimama kinaanguka. Kinawezaje kulala hivyo na kisianguke? Nilikiogopa na nilikipenda, vyote kwa pamoja.

Nilipomaliza darasa la saba nikachaguliwa kwenda sekondari Mbulu mjini, msichana pekee kutoka kambi yetu. Barua ilisema mwisho wa kuripoti ni Jumamosi saa kumi jioni, na asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Mvua ilikuwa imekata njia, malori hayapiti. Ijumaa asubuhi Baba akanipakia kwenye pikipiki, kifurushi cha sare mgongoni, Mama akatuombea, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Pale kwenye kona ya bohari Baba alilala kushoto, na mwili wangu ukafanya ulichofundishwa na tela: nikajitupa kulia kwa nguvu zangu zote. Pikipiki ikakataa kukata kona. Ilikwenda moja kwa moja mpaka ndani ya ngano ya serikali, ikatubwaga. Baba aliteguka kifundo cha mkono, na sare yangu mpya ikawa rangi ya tope.

Mama aliifua bila kunitazama. Akasema shule siyo ya kufia, na kama Mungu angetaka niende angeacha lori lipite. Nililia, sifichi, kwa sababu nilijua kosa ni langu na nafasi inakwenda.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Mchana ule aliniita uani, akaniuliza kwenye kona nilikuwa nakwenda wapi. Nikamwambia nilikuwa namsaidia. Alicheka kidogo, akachukua ndoo, akaijaza maji nusu, akaifunga kamba. Kwa mkono wake mzima akaanza kuizungusha imzunguke, polepole kwanza, halafu kasi. Ndoo ikapanda, ikalala ubavu kabisa, mdomo ukimtazama yeye. Hata tone halikumwagika.

"Unaona?" akasema. "Ndoo imelala, na maji yamelala nayo. Maji hayabishani na ndoo."

Nikamuuliza, mbona kwenye tela tunakimbilia upande wa pili? Akasema tela linalazwa na shimo, na shimo halina mwendo wa kukushikilia. Pikipiki inalala kwa sababu inazunguka, na mzunguko wenyewe ndio unaoibeba. Ukienda kasi zaidi, inataka kulala zaidi. Kisha akapunguza mwendo wa mkono, ndoo ikashuka, maji yakatulia ndani. Akanipa kamba nijaribu. Mara ya kwanza nilisita katikati, nikaoga. Mara ya tatu sikusita.

Jumamosi tuliondoka alfajiri, mkono wa Baba umefungwa kitambaa. Mama alisimama mlangoni. Kona ya bohari ilipokuja nilimshika Baba kiuno, nikaegemeza shavu mgongoni kwake, na alipolala nikalala.

Sijui niwaambieje. Ngano yote ilisimama mshazari. Mlima Hanang, mkubwa vile, uliinama. Lakini mimi nilikaa kwenye kiti nimenyooka kama niliyekaa kwenye kigoda jikoni, sivutwi huku wala kule. Dunia ndiyo ilikuwa imepinda, sisi tuko wima. Nikafungua mdomo na upepo ukaingia, na nikajua kwamba ipo nguvu inayotushika ambayo macho hayaioni.

Penye tope Baba alikwenda polepole, wima, maana tope halishiki gurudumu, na kulala pale ni kuomba kuanguka. Tulipoanza kupanda kuelekea Maretadu njia ikakauka, na kona zikaja moja baada ya nyingine. Tulizilalia zote. Saa nane mchana mwalimu aliweka alama mbele ya jina langu. Baba akanipa mkono, akageuza pikipiki, akaondoka.

Miaka miwili baadaye mwalimu wa fizikia alichora duara ubaoni na kutuuliza kwa nini mwendesha pikipiki huinama kwenye kona. Nikanyoosha mkono, nikaomba ndoo na kamba.

Siku hizi vijana wa bodaboda wanalala kona za lami na simu imebanwa sikioni, abiria nyuma anajipiga picha, wala hakuna anayeshangaa. Wanaweza kuliko Baba, pengine. Lakini mshangao wetu, ambao wao wameukosa, siwezi kuwapa. Tela limeoza, na kwenye ile kambi mimi ningepotea sasa.

Mwaka jana nilikwenda kumchukua Baba aje kuishi kwangu Mbulu. Kumbukumbu imemtoka. Ananiita kwa jina la dada yake, na mara nyingine haniiti kabisa. Mwanangu aliendesha gari, sisi wawili tukakaa nyuma. Kutoka Basotu Baba alikuwa anatazama dirishani tu. Tulipofika kwenye zile kona, nikajikuta nimelala kushoto, jambo ambalo kwenye gari halisaidii chochote. Nikageuka. Baba naye alikuwa amelala kushoto, bega lake sambamba na langu, mikono imeshika usukani usiokuwepo.

Mwanangu alituona kwenye kioo, akacheka. "Babu, mbona mnalala?"

"Namwahisha mtoto shule," akasema Baba.

Nikamshika kiuno, na kona iliyofuata tukailalia pamoja.